Meza ya Watu Wawili

Meza iliandaliwa kwa watu wawili. Lidia Kapinga alikuwa amelisisitiza jambo hilo kwa simu kutoka Dodoma, na alipofika hotelini Mbamba Bay mchana ule alikwenda kwanza kwenye ukumbi wa chakula kuhakikisha, kabla hata ya kuoneshwa chumba chake. Viti vilikuwa viwili, vimetazamana, upande wa ziwa. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha dada yake, Ephrasia, ambaye hawakuwa wamezungumza naye tangu walipomaliza matanga ya mama yao huko Litembo, miaka miwili iliyopita.

Haukuwa ugomvi ambao mtu angeweza kuusimulia. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyedai shamba. Ephrasia aliacha tu kupokea simu. Lidia alipiga, simu ikaita mpaka ikakata. Alipompigia Tadei, mtoto wa kwanza wa Ephrasia, kijana alijibu kwa heshima zote kwamba mama hajambo, yuko shambani. Kila mara mama alikuwa shambani, hata saa mbili za usiku, hata wakati wa mvua.

Lidia alikuwa mtu wa mipango. Alifundisha chuoni miaka mingi, akastaafu bila deni la kazi na bila mtoto, na aliamini kwamba jambo lolote likipangwa vizuri hunyooka. Aliposikia kwamba hoteli moja ya Mbamba Bay huandaa kila Jumamosi karamu ya sahani tano, kila sahani na mvinyo wake, aliona mpango umejitengeneza wenyewe. Samaki walitoka ziwani, upande wa kina Ephrasia. Mvinyo ulitoka Dodoma, kwake. Vyote viwili vingekutana juu ya meza moja, na wao wawili wangekaa hapo bila majirani wa kuwatazama. Ephrasia alikuwa amepika maisha yake yote. Safari hii angepikiwa.

Kwa hiyo alipanda ndege hadi Songea, akakodi teksi ya mtu aitwaye Bwanali, wakapita Mbinga mjini bila kushuka, wakateremka kona kwa kona mpaka ziwa likaonekana. Baada ya kupumzika kidogo, Bwanali alitumwa arudi milimani hadi Litembo akamlete Ephrasia. Tadei alikuwa amethibitisha kwamba ujumbe umefika. Lidia alimuuliza mama amejibu nini. Tadei alisita, kisha akasema mama amecheka. Lidia alilichukua hilo kuwa dalili njema.

Jua lilipoinama upande wa Malawi, alikuwa ameketi tayari, amevaa kitenge alichokishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Kipande kingine cha kitenge hicho hicho kilikuwa chumbani, kimekunjwa kwenye mfuko, kikimsubiri dada mtu.

Mhudumu wa meza yake alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Zamda, mwenye hijabu ya kijani na mwendo usio na kelele. Alieleza kwamba mpishi angependa kuanza. Kulikuwa na meza nyingine mbili, ya familia iliyotoka Songea kusherehekea kipaimara cha binti yao, na ya wageni waliokuwa wakizunguka ziwa kwa pikipiki. Karamu ilitoka jikoni kwa pamoja, watu wote sahani moja, kisha watu wote nyingine. Haikuwezekana kumsubiri mtu mmoja.

"Anza tu," Lidia alisema. "Lakini na yeye mwekee. Yuko njiani."

Sahani ya kwanza ilikuwa usipa, dagaa wa ziwa lile, wamekaangwa wakakauka vizuri, na limau pembeni. Zamda alifungua mvinyo mweupe mkavu, akamimina kidogo sana kwenye glasi ya Lidia, akasimama akingoja. Lidia aliijua desturi hiyo. Mgeni huonja, akikubali, humiminiwa. Hata hivyo mkono wake haukwenda kwenye glasi. Alimkumbuka mama yake siku za pombe. Mama hakumwonjesha mgeni. Alikunywa yeye kwanza mbele ya mgeni, akafuta midomo, kisha ndipo akampa kata. Mgeni alipokea kitu ambacho mwenye nyumba alikuwa ameshakinywa, akajua yuko salama.

Alimsogezea Zamda glasi. "Mwenyeji kwanza," alisema, nusu kwa utani.

"Mimi sinywi, mama," Zamda alijibu, naye akitabasamu kidogo.

"Sasa unajuaje upi unafaa kwa samaki na upi kwa nyama?"

"Kwa harufu. Na kwa nyuso za watu wanapokunywa."

"Wangu unasemaje?"

"Wako bado unatazama mlangoni."

Lidia alicheka, akaonja, akakubali. Zamda akammiminia, kisha akazunguka meza akaijaza na glasi ya pili, mbele ya kiti kitupu. Usipa walikuwa watamu. Lidia alikula taratibu ili asimalize kabla mwenzake hajafika, lakini sahani ilikuwa ndogo, na kwenye meza ya kipaimara watu walikuwa wameshamaliza.

Ikaja supu ya maboga yenye karanga, na mvinyo wa rangi ya waridi. Zamda aliondoa usipa wa Ephrasia waliokwisha poa, akaacha ile glasi. Sasa zilikuwa mbili, zimejaa, hazijaguswa. Binti wa kipaimara alikuwa akisimulia jambo lililomchekesha babu yake mpaka akakohoa. Mama yake alitazama upande wa Lidia, akaona kiti kile, akageuza macho haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Lidia alipiga simu ya Bwanali. Haikupokelewa. Alijiambia kwamba barabara ya Litembo ina vumbi na mashimo, na kwamba mtu mwenye busara hapokei simu akiwa kwenye kona. Alijieleza hivyo kwa ufasaha, kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi, na kama wanafunzi wengine hakuamini.

Sahani ya tatu ilikuwa mbasa wa kuchoma, kipande kinene chenye ngozi iliyobabuka, juu ya majani ya maboga. Huyu ndiye samaki ambaye baba yao alikuwa akirudi naye kutoka ziwani, amefungwa kwenye majani, baada ya kuuza kahawa. Mama aligawa. Kichwa kilikuwa cha baba. Ephrasia, mkubwa, alipewa sehemu ya mkia, naye kila mara aliichambua miiba akamwekea Lidia nyama nyeupe upande wake wa sinia. Lidia alikuwa amesahau. Mvinyo uliokuja na mbasa ulikuwa mzuri kuliko yote, na hakuwa na wa kumwambia.

Simu iliita akiwa bado na uma mkononi. Alikuwa Bwanali.

Dereva aliomba radhi kwanza. Alikuwa amefika Litembo mapema, jua lingali juu. Lakini mama wa pale alikataa kuzungumza jambo lolote na mtu ambaye hajala. Alimnawisha mikono, akamkalisha, akamletea kuku na ugali na maharage. Kuku alikuwa mzima, mama, Bwanali alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekiri jambo. Alipomaliza, mama akasema kwamba safari haipo, na sasa alikuwa anaomba simu.

"Shikamoo, dada," Lidia alisema.

"Marahaba." Mbwa alibweka mbali, huko Litembo. "Dereva wako ana adabu. Nimemwekea, amekula, amemshukuru Mungu wake. Sikumbembeleza."

"Dada, huku nimekuandalia. Nakusubiri."

"Na mimi nilikuandalia. Tadei alikuona Mbinga mjini, kwenye kijiwe chao cha bodaboda. Unanunua maji ya chupa dirishani. Amekupungia mkono hukumwona. Akanipigia, mama mdogo kaingia. Nikasema kumbe ule ujumbe wa hoteli ulikuwa utani, mtoto anakuja nyumbani. Nikachinja jogoo. Halafu ikaja gari, wewe humo hamna."

Lidia alieleza alichokusudia. Alitaka dada apumzike, apikiwe, ahudumiwe kama wanavyohudumiwa watu wengine. Alisikia maneno yake yakitoka yamepangwa vizuri, moja nyuma ya jingine, na hayakufika popote.

"Utanilishaje kabla hujala kwangu?" Ephrasia aliuliza. "Nani alikufundisha hivyo?"

Kisha akasema lile ambalo alikuwa hajalisema kwa miaka miwili, na alilisema bila hasira, kama anayemweleza mgeni mambo ya kijijini. Siku ya kumaliza matanga, watoto wa marehemu hula sinia moja mbele ya watu, kabla ya mtu mwingine yeyote kugawiwa. Ndivyo watu wanavyojua kwamba nyumba imebaki. Yeye alikuwa amekaa na lile sinia. Lidia alikuwa amesimama kando ya kiambaza na chupa yake ya maji, kisha akaingia kwenye gari akaenda kulala Mbinga. Watu walingoja. Watoto walilia njaa. Mwishowe katekista akamnong'oneza, Ephrasia, kula, watu wana safari. Akala peke yake, mbele ya ukoo mzima.

Lidia alikikumbuka kiambaza. Alikumbuka kigoda cha mama kimeegeshwa ukutani, hakuna aliyekikalia. Aliondoka ili asilie mbele ya watu. Alikuwa shule za bweni tangu akiwa mdogo, na misiba ya kwao aliihudhuria kama mgeni, akifika wa mwisho, akiondoka wa kwanza. Sinia hakuliona. Hakujua kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akimngoja ameketi chini.

"Sikujua, dada."

"Najua hukujua. Ndiyo iliyoniuma." Sauti ya Ephrasia ikalegea kidogo. "Umekula huko?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Mbasa."

"Nani kakuchambulia miiba?"

Lidia alitazama sahani yake. Mbasa alikuwa amechambuliwa jikoni, hana mwiba hata mmoja.

"Nakuja kesho," alisema hatimaye. "Bwanali akirudi usiku huu, alfajiri tunaondoka."

"Kesho Jumapili, nitakuwa misani, na baada ya misa tuna kikao cha jumuiya. Ukifika sipo, ingia. Sinia nitalifunika. Ufunguo uko pale pale." Kisha akaongeza, "Njoo na njaa," na simu ikarudi kwa Bwanali, aliyesema kwamba anaanza kuteremka sasa hivi.

Zamda alikuja na sahani ya nne, nyama ya mbuzi iliyopikwa mpaka ikaachana na mfupa, na chupa ya mvinyo mwekundu. Lidia aliweka kiganja juu ya glasi. Mhudumu alimtazama usoni.

"Hujapenda, mama?"

"Nimependa. Sitakula tena leo. Na asubuhi msiniandalie chai."

"Hata kikombe? Kahawa ni ya Mbinga, tunaikaanga wenyewe."

"Hata kikombe. Natakiwa kufika mahali na njaa."

Zamda hakuuliza mahali gani. Alinyanyua sahani ya Lidia, akazunguka upande wa pili, akasimama mbele ya zile glasi tatu zilizojaa. Aliuliza kama aziondoe.

"Ziache kidogo," Lidia alisema.

Familia ya kipaimara ilikuwa imefikia keki. Walimwimbia binti, wakapiga makofi, na mmoja wao akaleta kipande hadi kwenye meza ya Lidia, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili. Lidia alishukuru, akaeleza kwamba hawezi, na akaona jinsi uso wa yule mtu ulivyobadilika, akarudi na kipande chake. Kwenye matanga pia aliacha chakula cha watu waliomngoja, lakini safari hii alijua anachokikataa.

Ziwa lilikuwa limeingia giza. Lidia alikunja kitambaa chake, akakiweka mezani, na kuanza kuutafuta ufunguo. Pale pale. Alipita kichwani mwake kwenye kibarabara kinachotoka kwenye mibuni, akafika uwanjani, akasimama mlangoni. Alitazama juu ya kizingiti. Alitazama chini ya jiwe la kusagia, kama jiwe bado lipo. Alitazama ndani ya chungu kilichopasuka ambacho mama alikuwa akihifadhia mbegu za maboga, lakini chungu hicho huenda kilikuwa cha nyumba ile ya zamani, kabla ya hii ya bati. Ephrasia alitamka "pale pale" kwa wepesi, kama mtu asemaye na mwenzake wa nyumba moja. Kumpigia tena na kumuuliza kungekuwa kukiri kwamba yeye ni mgeni.

Zamda alizima taa za upande wa pili wa ukumbi. Lidia alirudi mwanzo wa kibarabara, kwenye mibuni, na akaanza tena kwenda kule mlangoni, polepole zaidi.