Dakika Kumi za Baba

Baba yangu alitengeneza saa za watu kwa miaka arobaini, na zote zilitoka mikononi mwake zikiwa sahihi. Za nyumbani kwake ndizo zisizosema kweli. Ya sebuleni, ya jikoni, hata ile ndogo ya kando ya kitanda, zote huziweka mbele dakika kumi. Alianza nikiwa darasa la pili, siku niliyofungiwa geti la shule kwa kuchelewa nikalia mpaka kamasi zikanifika kidevuni, na hajaacha mpaka leo. Nimekua nikitoa kumi kichwani kila ninapotazama ukutani.

Sisemi ni tabia mbaya. Asubuhi tukishajiandaa, viatu mguuni, tulikuwa tunakaa kwenye kochi bila la kufanya mpaka muda halisi ufike. Karibu mambo yote ya maana niliyowahi kumwambia baba, nilimwambia katika dakika hizo.

Mwezi wa pili alianguka akavunjika nyonga, na sasa anatembea kwa kuegemea fremu ya chuma. Mimi kazi yangu ni kupanga zamu za wauguzi wa hospitali, na ukiteleza kidogo tu, wodi moja inapata wauguzi saba na nyingine haina hata mmoja. Niliomba niwe naifanyia nyumbani, nipate kumshika baba anaposhuka vidato viwili vya bafuni. Mkuu wangu wa kitengo alikubali shingo upande. Wiki iliyopita akanipigia simu, akasema bila kuzunguka: ratiba iingie kila Alhamisi kabla ya saa sita mchana, na siku nitakayochelewa, kesho yake nirudi ofisini na habari za nyumbani ziishie hapo. Baba sikumwambia. Mtu anayejifunza kutembea upya ana mizigo yake ya kutosha.

Alhamisi yenyewe ikafika, na ofisi ikawa imeagiza kompyuta zote ziwekewe mfumo mpya. Saa mbili asubuhi niliiacha yangu ijisasishe, nikaenda kufua. Niliporudi ilikuwa imemaliza, ina picha mpya ya mlima kwenye kioo, na baba amekaa kwenye kiti changu, miwani puani.

"Imeuliza maswali," akasema. "Nimejibu niliyoyajua."

"Asante, baba," nikasema, wala sikumuuliza ni maswali gani. Nilikuwa na haraka.

Ratiba nikaimaliza mapema, nikajisifu kimoyomoyo. Ilibaki kuituma tu. Kuituma kunataka VPN, ile njia ya siri inayotoka kompyuta yangu mpaka mtandao wa hospitali, na VPN nayo haifunguki mpaka uipe namba sita. Namba hizo hutolewa na programu ndogo iliyomo humo humo kwenye kompyuta, na hubadilika kila nusu dakika. Nikaziandika. Ikanijibu: uthibitisho umeshindikana. Nikaandika nyingine. Umeshindikana. Nikaandika za tatu polepole, nikizitamka moja moja kama mtoto wa chekechea, ikanikatalia vilevile.

Nikampigia fundi wa kompyuta wa ofisi. Tunamwita Daktari, kwa sababu kila ugonjwa anautibu kwa dawa ileile.

"Dada, umezima ukawasha?"

"Nimezima mara tatu, Daktari. Nikizima ya nne itaniuliza kama nina matatizo nyumbani."

Akacheka, lakini akaniambia nizime ya nne. Tukazima. Tukaifuta VPN yote tukaiweka upya. Tukasimamisha kinga ya virusi kwa muda, tukairudisha. Nikabadilisha neno la siri. Nikaenda mpaka sebuleni kuchomoa kile kisanduku cha intaneti, nikahesabu mpaka thelathini, nikakichomeka. Kila mara jibu likawa lilelile, na kila mara nikatupa jicho kwenye pembe ya kioo, pale saa ya kompyuta ilipo. Hiyo ndiyo saa ninayoiamini. Ikasema sita kasoro robo. Ikasema sita kasoro tano. Simu nilikuwa nimeibana kati ya sikio na bega, shingo inauma.

Nyuma yangu nikasikia fremu ya chuma inagonga sakafu. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Nikusaidie nini, mama?" Tangu nizaliwe ananiita mama.

"Nisaidie kwa kukaa chini, baba. Tafadhali." Nilimjibu kwa ukali, na nikaona aibu kabla sijamaliza kusema. Akakaa kwenye kiti cha pembeni, mikono magotini.

Kioo kikasema saa sita na dakika moja. Nikamwona baba akilini, kwenye vile vidato vya bafuni peke yake, mkono unatafuta ukuta, na mimi niko mezani kwangu mjini.

"Daktari, acha tu," nikasema. "Saa sita imeshapita."

"Imepita wapi, dada? Hapa kwangu ni sita kasoro tisa."

"Kompyuta yangu inasema sita na moja."

Nikainua uso kutazama saa ya baba iliyo ukutani mle chumbani. Sita na moja. Nikatazama kioo. Sita na moja. Tangu nianze kufanyia kazi katika chumba kile, saa hizo mbili hazijawahi kukubaliana hata siku moja.

Kwenye simu Daktari alikuwa ameshaelewa, na anacheka mpaka anakohoa. "Hizo namba zinatoka kwa kufuata saa ya kompyuta, dada. Yako iko mbele dakika kumi. Unatuletea namba ambazo zamu yake haijafika. Nani kaigusa saa?"

Nilimtazama baba, naye akatazama mikono yake.

"Nenda kwenye mipangilio," Daktari akasema, "uiambie ijirekebishe yenyewe."

Nikafanya hivyo. Saa ikaruka nyuma, sita kasoro nane. Nikaandika namba sita, na VPN ikafunguka kana kwamba haijawahi kukataa mtu. Nikatuma ratiba, nikakaa nikiuma kucha. Sita kasoro tatu jibu la mkuu wa kitengo likaingia: "Nimepokea. Umewahi." Kwake hiyo ni hotuba ndefu.

Nikamshukuru Daktari, nikaweka simu chini, nikageuza kiti.

"Baba."

"Iliniuliza kama saa yake ni sahihi," akasema. "Nikatazama ukutani, nikairekebisha."

"Lakini unajua ya ukutani iko mbele. Umeiweka mwenyewe."

"Najua." Akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati, taratibu, kama alivyokuwa akifuta vioo vya saa za watu. "Nilikusikia wiki ile ukiongea na mkuu wako. Nilichovunjika ni nyonga, mama, masikio ni mazima. Nikaona ukichelewa mara moja tu watakuchukua. Na hiyo saa yako ya kazini ndiyo pekee humu ndani isiyokuwa na dakika kumi."

Nilitaka kucheka, machozi yakaniwahi. Nilikuwa nimembwatukia baba yangu asubuhi hiyo, naye alichofanya ni kile alichonifanyia tangu darasa la pili. Nikamwambia nampenda. Akaguna, akasema yeye anauliza kuhusu ratiba.

"Imefika, baba. Kabla ya saa sita."

Akatazama saa ya ukutani, nami nikaitazama. Ilikuwa inasema sita na dakika kumi.

"Basi twende tukakae," akasema.

Nikamshika mkono mpaka sebuleni, tukakaa kwenye kochi, yeye na fremu yake, mimi na ndala zangu. Nikamsimulia habari zote za mkuu wa kitengo tangu mwanzo, na yeye, aliyekuwa ameshazijua, akanisikiliza mpaka mwisho.