Pindo la Kabati

Bega la mama mshonaji liligoma mara tu baada ya kumaliza kushona sare za kwaya nzima. Halikuvunjika wala halikuteguka. Liligoma tu, kama punda aliyesimama katikati ya barabara na hataki kusikia la mtu. Daktari alilibonyeza huku na kule akiuliza, "Hapa? Au hapa?" na kila alipouliza, mama mshonaji alijibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwa waliokuwa wanasubiri nje.

"Sikiliza mama," daktari akasema. "Mkono huu wa kulia usipande juu ya bega mpaka nikuruhusu. Chini ya bega fanya utakalo. Ukiupandisha kwa nguvu, tunaanza upya."

Kwenye cherehani hakukuwa na shida, maana cherehani iko chini na haina makuu. Shida ilikuwa jikoni. Walipohamia nyumba ile, jiko lilipangwa na mume wake, na mume wake ni mrefu kiasi kwamba balbu ikiungua habebi kiti. Alipanga kama aliyeoa twiga. Sufuria zilikaa juu ya kabati, sahani rafu ya juu, na chumvi juu kuliko vyote, "isipate unyevu." Chini ya meza ya kupikia kulikuwa na pango la giza lenye ndoo mbovu, mfuko uliojaa mifuko, na vifuniko vya sufuria ambazo hakuna aliyekumbuka zilikokwenda.

Siku ile ile ya kutoka kwa daktari alijisahau, akanyoosha mkono kuchukua sufuria. "Aiii!" Sufuria ikaanguka, ikazunguka sakafuni kama pia. Haijatulia bado, mume wake alishashika simu. Huyu bwana ni dereva wa gari la wagonjwa, na kwake hakuna jambo dogo. Hata mkate ukiungua, yeye anatafuta king'ora.

"Dada? Njoo. Ndiyo, njoo na begi."

Mama mshonaji akahisi maji yamefika shingoni.

Wifi yake, dada mkubwa wa mume, alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu. Mara ya mwisho alikuja kusalimia tu. Akakaa mpaka mtoto wa jirani aliyekuwa anatambaa akaanza kukimbia. Alihamisha vijiko, akafunga sukari kwa kufuli, na chakula kikiiva aligonga sufuria kwa mwiko, watu wazima wakapanga foleni. Mama mshonaji, mwenye nyumba, alifika mahali pa kuomba ruhusa kuchemsha maji yake mwenyewe.

"Mume wangu, umeniua," akasema.

"Nimekuokoa! Utapika vipi na mkono mmoja na nusu?"

"Jiko ndilo baya, si mimi. Nishushie vitu."

"Nishushe viende wapi? Kule chini kuna panya wa urithi."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe yule bwana, ambaye moyo wake ni laini kuliko godoro, akatoa sharti. Dada akifika, mke wake apike mlo mmoja mbele yake, mwanzo mpaka mwisho. Akimaliza bila kusema aii, dada anapumzika siku mbili tatu anarudi kwake. Akisema aii hata moja, dada anakaa mpaka bega lipone.

"Mpaka bega lipone, au mpaka mimi nizeeke?"

"Bega likipona mapema, bahati yako."

Ndipo akaitwa seremala wa mtaa wa pili, kijana wa zamani, mwembamba, kichwa kipana, watu wote wanamwita Msumari. Alipiga magoti mbele ya lile pango, akachungulia, akapiga mluzi.

"Mama, hapa kuna nyumba nzima umeiacha bila wapangaji!"

"Sasa nitafutie wapangaji, fundi. Nataka kila kitu kikae chini ya bega langu. Na nisiiname kama natafuta pete iliyopotea."

Msumari alikuwa na akili ya mbao. Akasema rafu za chini ni za watu wenye magoti ya mchezo, yeye atamwekea droo za kina, akivuta, sufuria zinamjia zenyewe. Sahani zitasimama wima kwenye vijiti ndani ya droo, asiwe ananyanyua rundo zima kutafuta moja. Vifuniko vitaning'inia nyuma ya mlango. Kwenye kona, ambako vitu vilikuwa vinaingia na havitoki, ataweka sinia la mbao linalozunguka. Na kando ya jiko, kwenye upenyo ambao ulikuwa unatunza buibui tu, atachomeka rafu nyembamba ya kuvuta, ya chupa za mafuta na viungo.

"Na juu?"

"Juu tunang'oa lile dude la shemeji. Naweka kakabati kafupi ka ukutani, rafu yake ya juu iishie begani kwako. Chumvi, chai, sukari, vikombe. Ngoja nikupime."

Mama mshonaji akacheka. "Unipime mimi? Fundi, mimi nimepima mabega ya mji huu, ya maharusi mpaka ya mahakimu. Nitajipima mwenyewe nikutajie kwa simu."

Msumari hakubishana na mtu mwenye futi shingoni. Akaenda zake. Jioni akapigiwa simu, akatajiwa inchi za kutoka begani mpaka sakafuni, akakata mbao kama alivyoambiwa.

Kazi ilipokamilika, jiko lilikuwa halijitambui. Mama mshonaji alivuta droo ya sufuria kwa kidole kimoja, akaisukuma kwa nyonga, akaivuta tena, kwa raha tu. Lile sinia la kona alilizungusha mpaka unga na maharage vikapata kizunguzungu. Kakabati ka ukutani hakukagusa, rangi yake ilikuwa mbichi bado; ilipokauka usiku, mume wake ndiye aliyepanga chumvi na vikombe mle.

Asubuhi ya wifi kufika, mume alikwenda kumpokea kituoni. Mama mshonaji akaamua kufanya mazoezi kidogo kabla ya mtihani. Akajifanya anapika wali, bila kuwasha moto. Sufuria, sawa. Mchele, sawa. Kifuniko, sawa kabisa. Akafungua kakabati, akapeleka mkono kwenye chumvi.

"Aiii!"

Akashika bega, akabaki anaitazama ile chumvi. Ilikuwa juu. Si juu ya twiga, lakini juu ya bega, kwa vidole kama vinne. Na kwa bega lile, vidole vinne ni mlima. Mkono wa kushoto ungeifikia, lakini wa kulia umezoea kutangulia, na ukitangulia mbele ya wifi, basi tena, afungue begi kabisa.

Akapiga simu. "Msumari! Njoo sasa hivi! Umeniuza kwa wifi yangu!"

Msumari alikuja mbio, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Nimekosea nini, mama?"

"Nilikwambia begani. Hili ni bega la nani? La mume wangu?"

"Nimekata ulichonitajia, inchi kwa inchi."

"Basi futi lako limelala njaa likanyooka!"

"Haya, tupime kwa futi lako."

Msumari akachukua futi lile lile la shingoni kwa mama mshonaji, akalishika begani kwake, akalishusha mpaka sakafuni, akasoma. Akasoma tena. Kisha akamtazama mama mshonaji kwa adabu sana, kama mtu anayetaka kumwambia mkubwa wake kwamba zipu iko wazi.

"Mama, ulinitajia vidole vinne zaidi. Hivi vinne vya nini?"

Mama mshonaji akalishika futi, akahesabu vidole. Alijiona siku ile amesimama mbele ya kioo, futi mkononi, anapima, na bila hata kufikiri, kama alivyofanya kwa kila gauni tangu alipojua kushika sindano, anaongeza.

"Pindo," akasema kwa sauti ndogo.

"Nini?"

"Nimeongeza la pindo! La kukunja chini!"

Msumari akakaa kwenye ndoo. Alicheka mpaka penseli ikadondoka. "Mama, mbao haikunjwi!"

"Naijua hiyo! Mkono ndio haujui!" Naye akashindwa kujizuia, akacheka huku ameshika bega, maana kucheka nako kulikuwa kunauma. "Sasa nifanye nini, fundi? Gari la wifi limeshafika saa hizi."

"Tunashusha. Pindo lako tunalikata."

Kushusha kulikuwa na kikwazo kimoja. Chini ya kakabati kulikuwa na soketi ya birika, na kakabati kakishuka kangeifunika. Msumari hakupoteza muda. Alitoa vikombe na chumvi, akakatoa ukutani, akakalaza mezani, akachora nyuma yake kidirisha cha ukubwa wa soketi, akakikata kwa msumeno mdogo huku mama mshonaji anafuta vumbi nyuma yake kwa mkono wa kushoto. Akatoboa mashimo mapya, akakaza parafujo. Ya mwisho ilikuwa bado inalia aliposikika mtu getini akisema, "Hili geti mbona halijatiwa mafuta?"

"Ndiye?" Msumari akanong'ona.

"Ndiye. Pita nyuma. Na Mungu akuzidishie." Akarudisha chumvi na vikombe upesi kwa mkono wa kushoto.

Wifi aliingia jikoni kabla hata ya kuvua viatu vya safari. Mwanamke wa kifua mbele, miwani kwenye kamba, begi kubwa amembebesha kaka yake. Akasalimia, akakumbatia upande usiouma, kisha akachukua kiti akakiweka mlangoni, kama zamani kwenye mitihani.

"Haya wifi. Nimeambiwa kuna mashindano. Pika."

Mama mshonaji akapika. Droo ikaja, sufuria ikaja. Sinia likazunguka, maharage aliyochemsha jana yakafika yenyewe mbele yake. Rafu nyembamba ikatoka na mafuta, ikarudi. Mume wake alisimama nyuma ya dada yake, jasho linamtoka kuliko mpishi. Ikafika zamu ya chumvi. Mama mshonaji akafungua kakabati, akapeleka mkono.

Mkono ukaenda mbele tu, kama wa mtu anayempa mwenzake mkono wa heri. Ukashika chumvi, ukarudi nayo. Bega halikusema kitu.

Akatia chumvi, akaonja, akaongeza kidogo, akairudisha mahali pake, akaichukua tena ingawa haikuhitajika.

Walipokaa mezani, wifi alijipakulia. Alimaliza sahani, akafuta mdomo, akavua miwani.

"Hujasema aii."

"Sijasema."

"Hata moja?"

"Hata nusu, wifi."

Wifi akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu, mabega yake yote mawili yakashuka nayo. "Mungu ni mkubwa. Nimesafiri njia nzima nikiomba usiseme."

Kaka mtu akaacha kijiko hewani. "Dada! Si ulisema unakuja kwa moyo mmoja?"

"Ningesemaje, na wewe unanipigia simu kama nyumba inaungua? Mimi mwenzenu nimeanza kujifunza kuogelea. Tuko wastaafu kundi zima, na mwalimu ni mkali kuliko mimi. Wiki hii ndiyo nimeweza kuelea. Nikikosa mwezi mmoja, niko hapa nabadilisha vijiko, nitarudi pale nizame kama jiwe!"

Mama mshonaji alimtazama wifi yake. Akajaribu kumwona yule msimamizi wa bweni amelala chali juu ya maji, miwani kwenye kamba, akashindwa, kicheko kikamtoka puani na chembe ya wali.

"Unacheka nini wewe?"

"Nacheka kwa furaha, wifi yangu. Unaelea kweli?"

"Chali. Kifudifudi bado." Wifi akasukuma sahani yake mbele. "Nitaondoka keshokutwa. Sasa niongezee wali, na huyu kaka yangu ataosha vyombo, alivyotutia presha wote wawili."

Yule bwana akainuka bila ubishi, akakunja mikono ya shati. Kutoka jikoni wakasikia droo moja inafunguliwa, kisha nyingine, kisha zote kwa mpigo.

"Mke wangu," akaita, "sabuni iko wapi?"

"Chini!" wakajibu wanawake wote wawili.