Kilo Kumi na Moja za Bi Mwatum

Uongo wa kwanza Bi Mwatum aliusema kwa sababu ya mkate wa kumimina, na nawaambieni kweli, ulimtoka bila hata kuufikiria.

Siku tatu kabla yake alikuwa ametoka kupimwa. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwalimu wa darsa la akina mama pale Madungu, kapandishwa kwenye mzani kama gunia la karafuu, na mzani ukasema tisini na nne. Presha iko juu. Magoti yanalia kila akiinuka kwenye sijda. Daktari mwenyewe kijana mdogo tu, akamwambia, "Bi Mkubwa, punguza kula, na jioni utembee. Nusu saa, mwendo wa haraka." Atembee! Yeye na baibui lake, barabarani, mwendo wa haraka, na wala haendi sokoni wala mazikoni? Mtaa mzima ungemuuliza kafukuzwa na nani. Habari ya kutembea akaifuta palepale mlangoni kwa daktari. Ikabaki kupunguza kula.

Sasa wewe uliyekulia Pemba hebu niambie, utapunguzaje kula? Nyumbani kwako sawa, chungu ni chako na mwiko ni wako. Lakini ukiingia kwa watu? Ukisema nimeshiba, unaambiwa onja tu. Ukisema daktari kanikataza, magharibi haijafika watu wanajua kuwa unaumwa, na kila mmoja keshakuletea dawa yake. Ukikataa moja kwa moja, umemdharau mwenye nyumba, na hilo halisahauliki hata ukifa. Basi Alhamisi ile Bi Mwatum kapita kwa jirani yake, Bi Ruweida, kumpa pole ya mguu. Bi Ruweida akaleta sinia. Mkate wa kumimina, vipande vinene, pembeni yake chai ya maziwa inatoa mvuke. Mkono wa Bi Mwatum ukaanza kwenda wenyewe. Ndipo mdomo ukasema, "Samahani mwenzangu, nimefunga."

Na asubuhi ile alikunywa chai kwa maandazi mawili.

Loo! Sinia liliondolewa mbio. Hakuna cha onja, hakuna cha kidogo tu. Bi Ruweida ndiye aliyeomba radhi, "Yarabi, nisamehe, Mwalim, nakuwekea chakula mbele na swaumu yako!" Bi Mwatum akatoka pale kichwa kinamzunguka kwa wepesi wa jambo lenyewe. Neno moja tu, na hakuna aliyeudhika.

Ikawa ndiyo dawa. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, Bi Mwatum kafunga. Siku za katikati ya mwezi nazo akaziongeza, maana arusi zilikuwa nyingi. Nyumbani, mlango wa jikoni ukisharudishwa, anakula yai la kuchemsha, tango, na samaki wa kuchoma asiyetiwa nazi. Mumewe, Mzee Himid, alimkuta siku moja yai liko shavuni.

"Leo si Alhamisi?" akauliza.

"Alhamisi."

"Na hilo yai?"

"Himid, huna kazi ya kufanya?"

Mzee Himid akanyamaza, na ukimya wake ulikuwa na malipo. Kwani akina mama wa darsa, waliposikia mwalimu wao anafunga sunna, walianza kumletea futari. Nani asiyetaka thawabu za kumfuturisha mwenye kufunga? Tambi za sukari, muhogo wa nazi na papa, katlesi, sahani zimefunikwa kwa vitambaa vilivyotariziwa. Bi Mwatum hakuzigusa. Mzee Himid alizigusa zote. Kilo zilizomtoka mke zikahamia kwa mume, mpaka kanzu ya Ijumaa ikambana tumboni.

Miezi mitano, kilo kumi na moja. Magoti yakanyamaza. Presha ikateremka. Na tuseme la haki, hapo palikuwa na sababu ya kufurahi, kwani afya ni neema. Ubaya ni kwamba watu hawakuona afya, waliona ucha Mungu. "Tazameni uso wa Mwalim ulivyo na nuru," walisema. "Ibada hiyo, si mchezo." Na yeye anainamisha macho, anasema "Alhamdulillahi," na moyo unavimba. Kila kilo iliyoondoka mwilini ilipanda kichwani, ndivyo ninavyoona mimi. Usiku mmoja mmoja alijiapia kwamba kesho ataufunga mdomo wake asiseme tena. Kesho ikifika anakaribishwa biriani, na neno linatoka.

Katika darsa alikuwamo Bi Tatu, dada yake Mzee Himid, wifi yake. Miaka sitini na mbili, mnene, mpole, mtu wa kukaa nyuma kabisa na kusoma kwa sauti ya chini asisikike akikosea. Bi Tatu alikuwa na sukari, na vidonge vyake alivifunga kwenye pembe ya kanga. Jumatatu moja, darsa limekwisha, wanawake wamemzunguka mwalimu wao wanamsifu, Bi Tatu akasogea.

"Mwalim, wenzangu wengi washaanza kufunga kama wewe. Na miye n'na sukari yangu hii, n'taweza?"

Jibu Bi Mwatum alilijua. Kila Shaaban alikuwa akilifundisha yeye mwenyewe, mgonjwa ana ruhusa, na hiyo ni katika faradhi, seuze sunna. Alitakiwa aseme tu, "Usifunge wifi, mpaka daktari akwambie." Lakini macho ya wote yalikuwa kwake, na akaona akianza habari za maradhi na madaktari, mtu atauliza, na wewe Mwalim, huna maradhi? Akasema, "Kila mtu anaujua mwili wake, wifi. Nia ndiyo kubwa."

Nia! Kalisema neno hilo, yeye, na tumboni mwake mlikuwa na mayai mawili. Wallahi mimi hapo huwa nashindwa kumtetea.

Alhamisi ya wiki ya pili yake jua lilikuwa kali mno. Bi Mwatum alipokuwa akienda darsani kizunguzungu kikamshika njiani. Akanunua boksi dogo la juisi ya embe katika duka lililo mbali, wasikomjua, akasimama nyuma ya ukuta, akachomeka mrija, akanywa nusu. Nusu iliyobaki akaitia mkobani, akajifuta midomo kwa ushungi, akaingia darsani na "Assalamu alaykum."

Walikuwa wameshasoma kurasa mbili alipomwona Bi Tatu. Jasho linamtiririka, na feni iko juu yake. Mkono ulioshika msahafu unatetemeka. Ruweida, aliyekuwa karibu, akamgusa, "Tatu, vipi?"

"Si kitu," Bi Tatu akajibu, na ulimi ulikuwa mzito. "Nimefunga kama Mwalim. Itapita."

Bi Mwatum akajua palepale. Sukari imeshuka. Alikuwa ameona kwenye mbao za matangazo za hospitali, picha kwa picha, jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, mpe mgonjwa kitu kitamu upesi. Na kitu kitamu kilikuwa pajani pake, ndani ya mkoba, mkono wake umelala juu yake. Alikuwa na kazi ya kufungua zipu tu.

Lakini boksi lilikuwa na mrija. Boksi limefunguliwa, limenywewa, na midomo yake kwenye mrija. Wanawake ishirini na wawili. Alhamisi, baada ya alasiri.

"Ruweida!" akapiga kelele. "Kimbia dukani, lete soda! Upesi!"

Ruweida na mguu wake mbovu akatoka. Duka la pembeni lilikuwa limefungwa, mwenyewe kaenda kuzika. Ikabidi aende la barabarani. Darsani wengine wamefunga, wengine hawakuja na kitu, mmoja anapepea, mwengine anasoma Yasin, mwengine anasema msimpe maji jamani kafunga, akakemewa. Bi Mwatum kampakata wifi yake, na kwa mkono mwengine ameubana mkoba. Alikuwa akijiambia, sasa hivi Ruweida atafika. Sasa hivi. Bi Tatu akamtazama, akasema maneno yasiyoeleweka, kisha macho yakapanda juu na mwili wote ukalegea. Soda ilipofika, meno yalikuwa yamekazana, haiwezekani tena kumnywesha. Wakambeba mpaka kwenye gari ya jirani.

Hospitali wakamtia dripu. Daktari akasema wamemuwahi, lakini kidogo tu. Kijana mwengine huyu, akauliza nani alimruhusu mgonjwa wa sukari kufunga huku anameza vidonge. Shadya, binti yake Bi Tatu, akasema hajui, mama alisema Mwalim anafunga. Bi Mwatum alikuwa amesimama palepale, mkoba begani. Alitamani ardhi ipasuke. Alipofika nyumbani aliitoa juisi, akaimwaga kwenye mchirizi, akalikanyagakanyaga boksi mpaka likawa kipande cha karatasi, na haikumsaidia kitu.

Asubuhi ya Ijumaa alimkuta Bi Tatu ameketi kitandani, kaegemea mto, uso umerudi rangi yake. Shadya alitoka kwenda kutafuta uji. Bi Tatu akamshika mkono wifi yake, na machozi yakaanza.

"Mwalim, nisamehe. Nimekuaibisha mbele ya wanafunzi wako."

"Wifi, usiseme hivyo."

"Nimekaza, Mwalim, nimekaza mpaka basi. Jumatatu nililia kwenye msala, namwambia Mungu, mwenzangu anaweza, miye kwa nini siwezi? Imani yangu ndogo. Sasa niambie, ile funga niliyoivunja niilipe?"

Hapo ndipo Bi Mwatum alipovunjika. Angelaumiwa, angetukanwa, angejitetea, maneno alikuwa nayo. Lakini kuombwa radhi! Na mtu aliyelala na sindano mkononi! Akauachia mkono wa Bi Tatu, kwa kuwa aliona hastahiki kuushika.

"Huna cha kulipa," akasema. "Mimi sikuwa nimefunga."

"Jana?"

"Jana, na Jumatatu, na zote. Tangu mwanzo. Nilikuwa napunguza mwili, wifi. Daktari kaniambia nipungue. Nikaona haya kusema, nikasingizia swaumu. Na jana ulipokuwa unatetemeka..." Akajilazimisha kuendelea, kwa kuwa asingesema pale asingesema tena. "Jana mkobani mwangu mlikuwa na juisi. Nimeinywa nusu. Nikaogopa kuitoa wasije wakaiona."

Wodini mtu alikohoa, mlango ukafunguliwa na kufungwa.

"Juisi ilikuwa mkobani," akasema taratibu.

"Ilikuwa mkobani."

"Na uliniona ninavyotetemeka."

"Nilikuona."

Bi Tatu akageuza uso akatazama dirisha. Alipozungumza sauti haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Huyu daktari wa sukari, mwaka juzi kaniambia nitembee jioni. Nikaona, n'tatembea na nani? Watu watanicheka, ntu mzima nazunguka mitaa. Nikataka nikwombe wewe tutembee pamoja. Mara ngapi nimefika mpaka mlangoni kwako. Kisha nasema, aa, mwache, Mwalim ana ibada zake."

Bi Mwatum akajifunika uso kwa ushungi.

"Kule kuanguka kwangu nakusamehe," Bi Tatu akasema. "Kila ntu huanguka. Lakini yale machozi ya kwenye msala, Mwatum, niliyomlilia Mungu kwa kuwa siwi kama wewe, hayo siwezi. Labda baadaye. Sasa nenda. Na hao waliobaki ukawaambie mwenyewe, miye simwambii ntu."

Jumatatu akawaambia. Alisimama, hakukaa kwenye zulia lake la mwalimu, akasema yote, hata ya mrija. Nilivyosikia, hakuna aliyepiga kelele. Bi Ruweida aliinuka katikati ya maneno, akachukua ndara zake akatoka, na mguu wake unamuuma, na waliomfuata walikuwa wanane. Mmoja wa waliobaki akauliza kama yeye na presha yake aendelee kufunga. "Usifunge mpaka daktari akwambie," Bi Mwatum akajibu, na jibu lenyewe lilimchoma kwa wepesi wake. Sahani za futari hazikuja tena. Mzee Himid hakuuliza.

Kutoka siku ile, kila jioni, Bi Mwatum alivaa raba nyeupe chini ya baibui, akavuka mtaa akasimama mlangoni kwa Bi Tatu. Hakubisha. Alisimama tu, watoto wakimtazama, wapita njia wakimsalimu kwa sauti ya ajabu ya watu waliokwisha kusikia. Anasimama robo saa, kisha anarudi. Siku ya kwanza mlango haukufunguliwa. Ya pili Shadya alichungulia, akasema mama kalala. Ya tatu na ya nne kimya, ingawa dirishani kulikuwa na mtu.

Siku ya sita mlango ukafunguliwa. Bi Tatu akatoka, kavaa raba za Shadya zilizomzidi mguu, pembe ya kanga imefungwa peremende. Alipita mbele ya Bi Mwatum bila salamu, akashika njia ya kuelekea barabara kuu, polepole, akihema. Bi Mwatum akamfuata hatua tatu nyuma yake. Walipofika kwenye kilima kidogo pumzi zikamwishia Bi Tatu, akasimama. Bi Mwatum naye akasimama, akafungua kinywa.

"Wifi, mimi..."

Bi Tatu akainua mkono bila ya kugeuka.

"Usinisemeshe bado, Mwatum," akasema. "Tembea."