Shati la Pete za Chuma

Pitchou alikuwa katika wiki yake ya tatu nyumbani, mguu wa kulia umefungwa plasta mpaka juu ya goti, na katika nyumba yao ya mtaa wa Kilibula hapakuwa na kiti alichoweza kukikalia dakika kumi. Akiketi, alitaka kusimama. Akisimama juu ya magongo, alitaka kulala. Akilala, alihesabu misumari ya bati, akakosea, akaanza upya. Miaka sita alikuwa amebeba abiria kwa pikipiki kati ya mji na bonde la Ruzizi, na mwili wake ulikuwa haujui kukaa.

Habari ya mguu huo kila mtu mtaani aliijua. Alikuwa akitoka Mutarule na abiria mmoja, Papa Ezéchiel, mzee wa mtaa wa Kimanga aliyekuwa amekwenda kuangalia shamba lake la mihogo. Ng'ombe akakatiza barabara. Pitchou akamkwepa, pikipiki ikalala, yeye akavunjika mguu na mzee akavunjika mkono. Ndivyo alivyosema hospitalini, ndivyo alivyomwambia mke wake Alliance, na ndivyo walivyosimuliwa wote waliokuja kumpa pole, ng'ombe yule akizidi kunenepa kila siku. Alliance alichukia mpaka akaacha kununua maziwa kwa jirani yao Arakaza, kwa sababu kaka yake Arakaza alikuwa na ng'ombe kule bondeni. Na si kuacha tu: aliwaambia na wanawake wengine waache.

Siku moja, akichezea simu kitandani, Pitchou aliona video ya mwanaume wa nchi ya mbali akishona shati. Hakushona kwa uzi. Alishona kwa pete ndogo za chuma, kila pete ikipita ndani ya nyingine nne, mpaka zikawa kama kitambaa kinachomwagika mkononi. Zamani wapiganaji walivaa vile kuzuia panga. Huyu alikuwa anajifurahisha tu. Pitchou aliitazama mara kumi na moja, kisha akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao.

"Mama Noella, nitafutie waya."

"Waya ya nini?"

"Ya kutengeneza shati."

Alliance alitazama mguu wake, halafu kichwa chake. "Ku hospitali walikupima mguu tu, ao na kichwa?"

Lakini alikuwa amechoka kumsikia akigonga gongo sakafuni kutwa nzima, kwa hiyo jioni ile alimletea furushi la waya mweusi ambao waashi hutumia kufungia nondo. Pitchou akauzungusha juu ya penseli ya mtoto, penseli ikakatika. Akauzungusha juu ya kipande cha nondo, waya ukang'ang'ania kwenye miiba ya nondo, usitoke. Alipopata pete chache kwa kutumia mpini wa kijiko, akazifunga kwa koleo la pikipiki, lile lenye meno, nalo likaziuma na kuziacha na makovu. Akaunganisha pete tano. Akavuta kidogo. Zote zikafunguka kama midomo ya samaki.

Akatupa koleo. Likagonga sufuria.

"Kesho utatupa na plasta!" Alliance alisema kutoka nje.

Safari ya pili alitaka kitu kigumu. Gédéon, mwenzake wa kazi, alimletea spoku za pikipiki kutoka gereji. Hizo ziligoma kukunjika; alipozilazimisha, zilirudi nyuma kwa hasira, na ncha moja ikampasua kidole gumba. Akaagiza waya wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua. Ulikuwa mzuri kwa macho, mwekundu, mtiifu, na Alliance akasema hata yeye angevaa mkufu wa namna ile. Lakini ulikuwa mwembamba kama unywele, na Pitchou hakutaka mkufu.

Kila aliyetumwa alileta kile alichofikiri yeye. Na kila mikono ilipokosa kazi, barabara ya Mutarule ilirudi: kishindo, vumbi, sauti ya mzee akiita jina la Mungu kutoka mtaroni. Pitchou alikuwa hajamtumia mzee yule hata salamu. Akiwaza jambo hilo, alishika magongo, akazunguka nyumba, akarudi, akalala, akaamka.

Wiki ya sita hakuvumilia. Daktari alikuwa amemwambia asitembee mbali mpaka atakapoitwa. Asubuhi Alliance alipoteremka ufukoni kununua ndagala, wale dagaa wa ziwa, za kuuza, Pitchou akampigia Gédéon aje na pikipiki yake ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Gédéon akampandisha nyuma, mahali pa magunia, mguu umenyooshwa kama mzinga, wakaenda mpaka kwenye duka moja la vyuma la Kimanga.

Mle dukani alitulia kwa mara ya kwanza. Waya zilining'inia ukutani kwa viviringo, nene na nyembamba, nyeusi na nyeupe. Alishika huu, akaukunja, akauacha. Akashika ule. Akaomba koleo, akafungua na kufunga, akaomba lingine. Muuzaji, kijana mnene mwenye penseli sikioni, alianza kuhema.

"Sasa weye unataka kufunga nini? Mbuzi? Kiwanja?"

"Sifungi kintu. Ngoja kwanza."

"Huyu haiko anajua kile anatafuta," sauti ikasema nyuma yake.

Pitchou alikuwa ameisikia sauti ile mara moja tu, ikitoka mtaroni. Akageuka polepole juu ya magongo. Papa Ezéchiel alisimama mlangoni, bawaba kuukuu katika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa tayari umetolewa plasta, lakini ulikaa kifuani, vidole vimekunjika nusu kama vya mtu aliyeshika kikombe kisichoonekana.

"Shikamoo, Papa."

"Marahaba." Mzee hakusogea. "Siku makumi ine. Mguu hauwezi kutembea, sawa. Na telefoni yako, nayo ilivunjika?"

Pitchou alihisi jasho likishuka ndani ya plasta, mahali asipoweza kujikuna. "Papa, ile ng'ombe ya ile siku..."

"Ng'ombe gani?"

Muuzaji alianza kupanga misumari ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa.

"Minye nilikuwa nyuma yako, mwana yangu," mzee akasema. "Niliona telefoni mu mukono yako. Nikakugonga bega mara mbili. Ukasema, 'Ngoja kidogo, Papa.' Kisha tukaenda mu shimo. Ng'ombe, minye sikuiona. Labda weye ulikuwa na yako mu telefoni."

"Juu ya nini haukusema kwa batu?"

"Nilikuwa nangojea weye useme. Nikangojea, nikangojea. Kila muntu ananipa pole juu ya ng'ombe, na minye ninanyamaza kama mjinga." Akainua ule mkono. "Hii haishike hata kijiko. Bibi yangu ananilisha."

Pitchou alitaka kukimbia, na kukimbia ndiko kulikomshinda. Alisimama pale, magongo yakimchoma makwapani, akasema taratibu, "Ilikuwa ni minye. Hakukuwa ng'ombe. Unisamehe, Papa. Nilikuwa naona haya, na haya ikazidi kila siku."

Mzee hakusema amesamehe wala hakusema hakusamehe. Macho yake yalishuka mpaka kwenye waya aliokuwa ameushika Pitchou, na uso wake ukakunjamana kwa namna nyingine.

"Na hiyo unashika ni mubaya."

Pitchou hakujua kwamba mzee yule alikuwa fundi wa mashine kiwandani kwa miaka ishirini na tisa. Alimweleza habari ya shati, akamwonyesha video. Mzee aliitazama yote, simu akiishika kwa mkono wa kushoto mbali na macho, akaguna. Kisha akaanza kumuuliza muuzaji kama bwana mkaguzi.

Waya mweusi ulichomwa ili uwe laini, alisema, ndiyo maana hufunguka. Spoku ni chuma cha kukataa. Akachagua waya mweupe uliopakwa zinki. Akaamuru Pitchou auzungushe mara kumi juu ya msumari, mizunguko ibanane, kisha apime kwa rula: milimita kumi na sita. Basi unene wa waya ni milimita moja na nusu na ushee. Tundu la pete liwe mara tano ya hapo, likizidi shati litalegea, likipungua pete zitakataa kupitana. Akatafuta chuma cha mviringo, kisicho na miiba, cha milimita nane. Koleo akataka mawili, mafupi, na tupa ya kusugulia meno yake mpaka yawe laini kama ulimi. Kukata, msumeno mwembamba wa chuma, si koleo, ili ncha zikutane sawasawa.

"Na usiiweke mu moto," alimalizia. "Zinki ikiungua, moshi yake inagonjesha muntu."

Kisha akalipia bawaba yake, akaondoka bila kuaga.

Pitchou alirudi na furushi mapajani na mguu umevimba hata vidole vinang'aa. Alliance alikuwa amefika kabla yake, amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Kabla hajafungua kinywa, Pitchou alimwambia yote, akiwa bado amekaa pale mahali pa magunia, Gédéon akisikia.

Alliance hakupiga kelele. Aliingia ndani, akakaa siku mbili bila kumsemesha, akimwekea chakula na kugeuka. Siku ya tatu alijitanda kitenge chake kizuri, akaenda kwa Arakaza. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Amenipokea," alisema. "Amenipa na maziwa. Afazali angenitukana." Akaweka kopo mezani. "Ile nyumba ingine minye nilienda kusema, kesho nitaenda tena kuondoa maneno. Na weye, mguu ukipona, utaenda mwenyewe kwa kaka yake."

Plasta ilikatwa wiki mbili baadaye kuliko ilivyopangwa, kwa ajili ya safari ile ya Kimanga. Daktari alimgombeza mbele ya wagonjwa wote. Kitu cha kwanza alichofanya Pitchou ni kwenda bondeni kwa basi. Kaka yake Arakaza alimsikiliza amesimama, akiegemea fimbo, akacheka mwishoni, kicheko kifupi kisicho na furaha sana, akasema walau ng'ombe wake sasa wanaweza kupita barabarani bila kutukanwa.

Siku za Jumapili, baada ya misa, Pitchou huenda kwa Papa Ezéchiel na furushi lake. Hakualikwa, alikwenda tu siku ya kwanza, na mzee hakumfukuza. Mkono wa mzee haukurudi kama zamani. Kwa ule wa kushoto huzungusha waya juu ya chuma cha mviringo, Pitchou hukata na kufunga. Mzee hukagua kila pete kwa kucha ya kidole gumba. Kucha ikikwama kwenye mwanya, pete inarudi.

Shati bado ni kipande kidogo, halijafunika hata bega moja. Jumapili iliyopita Pitchou aliinuka mara tatu kwenda mlangoni bila sababu, akarudi mara tatu. Mara ya nne mzee akamwambia, macho yake yakiwa kwenye waya:

"Mustari ya pili umegeuza pete. Kaa, ufungue."

Pitchou akakaa, akafungua.