Kona ya Bi Zamfira

Kitendawili! Mzee amesimama miaka mia mbili, miguuni kipofu, macho yapo kifuani, kofia yake ya mbao. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Ni nyumba ya Bi Zamfira, kule vilima vya Oltenia: chini kuta nene zisizo na dirisha, kwa hofu ya majambazi wa zama zile, juu baraza lenye matao meupe, ukikaa pale unaona mpaka mtoni.

Siku hiyo hakukuwa na wa kukaa. Veta, binti wa pekee wa Bi Zamfira, alipanda ngazi akashuka, akapanda akashuka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mawingu yalishajaa upande wa milimani, na kona ya nyumba, chini ya tao la mwisho, ilikuwa na ufa wa kuingia ngumi.

"Saruji hiyo," alisema Liviu, fundi wa majumba ya kale aliyetoka mjini. "Ukuta huu ni wa chokaa, unapumua. Baba yako aliukandika saruji, maji yakafungiwa ndani. Nisipoibandua kabla ya mvua, kona itakwenda na matao yataifuata. Bonde zima hakuna tena matao kama haya."

"Basi bandua!"

"Mwambie mama."

Bi Zamfira alikuwa ameweka kiti pale pale konani, mgongo kwenye ufa, anakula ugali na jibini bila wasiwasi wowote.

"Hapaguswi," alisema. "Kona hii ilipobomoka zamani, fundi wa marehemu baba yako alipima kivuli cha mtu kwa uzi, akauzika uzi humu. Ndiyo kona ikasimama. Hautolewi mpaka mwenye kivuli akubali. Ukitolewa kwa nguvu, anakufa."

Liviu akakuna kichwa. Mila hiyo aliijua. Hata bibi yake hakuthubutu kupita karibu na wajenzi siku ya jua, kivuli chake kisije kikapimwa.

"Basi tumuulize huyo mtu," alisema Veta. "Kivuli cha nani?"

"Jibini hii ina chumvi."

"Mama! Kama ni cha baba, twende makaburini tukabishe hodi!"

"Umeinunua kwa nani? Amekupunja."

Veta akaizunguka nyumba, akarudi, akazunguka tena. Ndivyo alivyokuwa maisha yake yote. Alikwenda mjini Craiova, akarudi. Akaenda Italia, akarudi. Akaolewa, akarudi. Kila alikotandika kitanda, usingizi ulimkataa. Na nyumba yenyewe ya kurudia sasa ilikuwa inakwenda chini, kisa uzi!

Tone la kwanza likamdondokea shingoni. Jiwe likachomoka ukutani, likaanguka karibu na kiti. Veta akamvuta mama yake pembeni, akaokota nyundo ya Liviu.

"Usipige!" Bi Zamfira alipiga kelele. "Ukipiga bila ruhusa unaua mtu!"

"Ruhusa ya nani, mama? Kivuli cha nani?"

Mama akaushika mkono wenye nyundo kwa mikono yake yote miwili.

"Chako, mwanangu. Ulikuwa unacheza hapo juani, na fundi akasema hata kivuli kidogo kinatosha."