Kilomita za Koridoni

Jumamosi mchana, mpimaji wa ardhi aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake akamsomea kijitabu cha gari. Injini ya dizeli, lita mbili, silinda nne, valvu kumi na sita. Turbo yenye mapezi yanayojigeuza kufuata mwendo. Nguvu za farasi mia na hamsini. Ndani mna mnyororo badala ya mkanda, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha mara kwa mara. Mama, aliyekuwa amevunjika nyonga na kuwekewa chuma, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kiti cha mbele kinarudi nyuma vya kutosha mtu kunyoosha mguu. Mwanawe akamwambia kinarudi. Basi, akasema mama, hao farasi wengine ni wako.

Gari lilinunuliwa kwa ajili yake, ili apelekwe kwenye mazoezi ya mguu. Lilikuwa la mtumba, ila kibao cha kilomita kilisoma elfu sitini na kidogo, na muuzaji, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alikuwa amewafutia viti kwa leso yake mwenyewe.

Kesho yake asubuhi, mke wa mpimaji alimpelekea mama mkwe chai. Mke huyo alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Chumba cha mama kilikuwa mwisho wa korido. Msusi alitembea, akatembea, na alipofika chai ilikuwa vuguvugu. Aliomba radhi, akaeleza kwamba korido imerefuka. Mama akasema ameliona hilo tangu alfajiri. Redio ya sebuleni ilikuwa haimfikii tena, na kwa kweli alikuwa amelala vizuri.

Korido iliendelea kurefuka. Mpimaji aliipima kwa futi ya kawaida, futi ikaisha. Akaleta vyombo vya kazini, akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu mbele ya mlango wa bafu, akachungulia. Wakati wa chakula alimwarifu mkewe kwamba baada ya bafu kuna kona ya kushoto, kisha kilima kimoja, si kikali. Baadaye vigae vikageuka lami. Majani yakaota chini ya kuta, na korido ikapanuka kiasi cha magari mawili kupishana. Msusi alinunua raba. Chakula cha mama kilikwenda kwenye hotipoti, na mazungumzo yakawa ya simu.

Mpimaji alitaka kumhamishia mama yake sebuleni. Mama alikataa. Alisema ameingia chumba kile akiwa bibi harusi, na kilichohama ni korido, si yeye. Kwa hiyo irekebishwe korido. Lakini utulivu ulikuwa umeshamchosha. Zamani alikuwa akijikongoja na fremu yake ya kutembelea mpaka saluni, akaketi kati ya wanawake wenye vitana vichwani, akasikiliza nani kaachika na nani karudiana. Sasa alimpigia mkwewe simu, akamwomba aiache wazi mezani ili asikie tu. Wateja walimsalimia kupitia simu, naye akawajibu mmoja mmoja. Kwenye mazoezi hakwenda, kwa sababu gari lilikuwa mlangoni na yeye alikuwa mbali mno na mlango.

Gari nalo halikuwa na raha. Likiwashwa asubuhi liligongagonga kama mtu anayetikisa sarafu ndani ya kopo. Likipanda mlima lilipiga mluzi, likatoa moshi mweusi, taa ya injini ikawaka njano na nguvu zikaisha papo hapo, likawa linatambaa. Mpimaji alilipeleka kwa fundi, mwanamke mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Masizi, kwa kuwa ndiyo rangi aliyokwenda nayo nyumbani kila jioni.

Masizi alifungua boneti, akasikiliza, akazima. Alivua bomba la hewa, akashika ncha ya mhimili wa turbo kwa vidole viwili, akautikisa, ukacheza kama jino bovu. Alifungua valvu inayorudisha moshi kwenye injini akakuta imezibwa na masizi mazito, yenye mafuta, mpaka kalamu isingepenya. Chujio la moshi lilikuwa limejaa. Mnyororo, alisema, umevutika. Ndio unaogonga asubuhi, na siku ukiruka jino moja, valvu zitakutana na pistoni na hapo itabaki stori tu. Injini hizi huwa hivi zikitembea sana na oili isipobadilishwa kwa wakati. Si injini mbaya. Imetembea tu.

Alichomeka kompyuta yake, akasoma kwa muda. Kibao cha mbele kilikuwa kimerudishwa nyuma, alisema, lakini ndani, kwenye kompyuta ya injini, hesabu halisi ilikuwa bado ipo: laki tatu na ushee.

"Hizo nyingine ziko kwetu," alisema mpimaji. "Kwenye korido."

Masizi aliitikia kwa kichwa huku akifuta mikono. Alisema alikuwa na mteja mwingine ambaye zake zilikaa kwenye ngazi. Mtu anatoka ghorofani asubuhi, anafika chini watu wamekula mchana. Kilomita zikitolewa kwenye kibao lazima zikae mahali. Yeye anaweza kuzirudisha, ni kazi ya muda mfupi, lakini kibao kikishasoma ukweli hakuna mtu atakayelinunua gari lile kwa bei ya maana.

Mpimaji aliomba afikirie. Kutoka hapo alikwenda yadi kwa muuzaji. Muuzaji alimkaribisha kiti na maji ya kunywa, akamsikiliza bila kumkatiza. Hakukana kitu. Alisema kwa upole kwamba gari likisema laki tatu linaota kutu pale yadi, na likisema elfu sitini linaondoka kabla ya Ijumaa, na yeye hajawahi kumlazimisha mtu. Kisha akampa ushauri wa bure: aliuze kama lilivyo. Korido itaondoka na gari, imfuate mnunuzi mpya.

Mpimaji alirudi nyumbani ameshaamua. Mkewe alipoelezwa aliacha kusuka, akamwomba mteja amsubiri kidogo, akaenda kusimama na mumewe jikoni. Alimuuliza kama anamjua huyo mtu atakayelinunua. Mpimaji akasema hapana. Alimuuliza kama huyo mtu naye hana mama. Mpimaji akasema mimi sijui mambo ya watu, mimi najua mama yangu hajatoka chumbani tangu mwezi uliopita. Msusi alirudi kwa mteja wake. Tangazo likabandikwa kwenye kioo cha nyuma, na mtu mmoja akapiga simu akasema atakuja kuliona.

Siku aliyotarajiwa, mtu huyo alikuwa hajafika bado, mama alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alisema alikuwa akitafuta ndara, sasa yuko sakafuni, na mguu wenye chuma haumsikii. Alisema wasikimbie, wataumia.

Mpimaji alipitisha gari sebuleni, likang'oa fremu za mlango, mkewe kiti cha mbele, wakaingia koridoni. Walipita bafu, wakakata kona. Kwenye kilima turbo ilipiga mluzi, moshi ukafunika kuta, taa ikawaka, na gari likabaki linatambaa, kisha likagoma kabisa. Mpimaji aliwasha tena na tena. Alishuka akasukuma, lakini gari la dizeli ni zito na kilima, ambacho alikuwa amemwambia mkewe kwamba si kikali, kilikuwa kikali. Simu ilikuwa wazi kwenye dashibodi. Walimsikia mama akipumua. Msusi kwa simu yake alimpigia Masizi.

Masizi alikuja na pikipiki. Aliegesha kwenye majani, akaketi kwenye kiti cha dereva, akachomeka kompyuta yake chini ya usukani, akasubiri.

"Nikishaandika, kaka, ndiyo imetoka. Huliuzi tena."

Mpimaji alikuwa ameegemea mlango, shati limemganda mgongoni. Kwenye simu mama yake alikuwa ameanza kuimba kwa sauti ndogo, kama alivyozoea kufanya akiwa na maumivu na hataki yasikike.

"Andika," alisema mpimaji, akaingia garini.

Namba kwenye kibao zilianza kupanda. Kilima kilishuka chini yao taratibu. Kona ikanyooka, majani yakarudi ndani ya kuta, lami ikapauka ikawa vigae vilevile vya zamani, hata kile chenye ufa. Kuta zilisogea mpaka zikagusa vioo vya pembeni. Namba zilipotulia kwenye laki tatu na ushee, pua ya gari ilikuwa kwenye mlango wa mama.

Wote watatu walitokea kwenye buti, wakapita juu ya paa. Mama alikuwa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, ndara moja mkononi.

"Mbona mmekuja na gari ndani?" aliuliza.

Mpimaji alikaa sakafuni pembeni yake, akaweka kichwa begani mwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mdogo. Msusi alicheka, kisha akalia, kisha akaenda kuita daktari. Chuma kilikuwa salama. Mguu ulikuwa umepata mshtuko tu. Kutoka sebuleni ilisikika redio ikisoma habari, na mama akasema wapunguze sauti, tena alisema akitabasamu.

Waashi walibomoa ukuta wa pembeni ili gari litoke, wakaujenga tena. Masizi alibadilisha mnyororo, akaweka turbo nyingine, akasafisha valvu na chujio, akamwaga oili nyeusi kama lami akajaza mpya. Gari likawaka bila kugonga. Lilikuwa na umri wake na lilikwenda vizuri.

Siku ya kwanza ya mazoezi mama alikaa mbele, kiti kimerudi nyuma hadi mwisho, dirisha wazi. Msusi ndiye aliyeendesha. Kwenye taa za barabarani, mkabala na yadi, waliona familia ikilizunguka gari jeupe. Muuzaji alikuwa akifuta viti kwa leso. Msusi aliegesha, akashuka, akamvuta kando mwanamke mmoja wa familia hiyo, mwenye mtoto mgongoni, akamweleza yote: kibao, mnyororo, korido. Yule mwanamke alimsikiliza kwa makini. Alimshukuru sana. Kisha akasema wao ni watu sita kwenye chumba kimoja, na nafasi kidogo haitawadhuru.

Msusi alirudi garini akafunga mkanda. Muuzaji alipowaona aliinua mkono, na mama, aliyekuwa hamjui, akampungia, kwa sababu kulikuwa na upepo mzuri na alikuwa nje.