Waya wa Shemeji

Mume wangu ni fundi umeme wa kiwanda cha sufuria, na kwa ubishi hana mpinzani. Kaka yangu anaendesha presi, mashine ya kugandamiza bati liwe sufuria, kwa mkono mmoja. Wa kushoto uliliwa na presi hiyohiyo, siku mume wangu alipounga waya kwenye swichi ya mlango wake, ile inayozuia chuma kushuka mlango ukiwa wazi, ili kazi iende haraka. Kabati la rilei, vile viswichi vya umeme vilivyoiongoza presi, lilidanganyika kirahisi: waya ukidai mlango umefungwa, rilei inagonga ta, chuma kinashuka. Mimi, niliyekuwa nang'arisha sufuria pembeni, ndimi niliyeokota vidole.

Juzi kabati liling'olewa, wakafunga kisanduku cha PLC kinachoendesha mashine kwa programu. Mume wangu alinuna, hata chakula changu akakilaumu.

"Rilei naisikia kwa masikio," alisema. "Hili bubu litaniambia nini?"

Leo asubuhi presi ilisimama kila mlango ulipotikisika. Kaka alipokwenda kunywa maji, mume wangu akatoa waya mfukoni, akaunga palepale pa zamani, akafungua mlango kutoa sufuria.

Kaka akarudi, akauona waya. Alimtandika spana ya mdomo, meno yakaruka. Mume wangu akamkaba koo. Kaka akampiga kichwa puani, akamburuta hadi kwenye presi, akausukuma mkono wa kulia wa mume wangu chini ya chuma na kumlalia kwa uzito wote.

"Shemeji, mlango uko wazi!"

"Si waya wako unasema umefungwa?"

Kaka akakanyaga pedali ya kushusha chuma.

Sikusogea. Nilitaka ishuke, niliitaka damu ile kwa moyo wangu wote.

Haikushuka. Akakanyaga tena na tena, mpaka pedali ikapinda. Kwenye kisanduku maandishi mekundu yakawaka: MLANGO HAUJAFUNGULIWA TANGU PIGO LILILOPITA. KAGUA SWICHI. Programu ilijua kuwa sufuria haitoki bila mlango kufunguliwa, kwa hiyo haikuiamini swichi iliyodai mlango umefungwa muda wote.

Kaka akamwachia, akaketi sakafuni, akakikumbatia kigutu chake.

"Dada," aliniambia, "kumbe mashine inaweza kukataa?"

Mume wangu akauchomoa mkono wake, mzima, akavitazama vidole kimoja kimoja. Kaka naye alikuwa anavitazama.